Mtindo wa DJ Huanzia Masikioni

Pita kwenye kumbi za harusi za Dar es Salaam Jumamosi usiku, kuanzia Sinza hadi Mbezi, usimame getini usikilize tu. Ukumbi wa kwanza maharusi wanaingia kwa wimbo fulani, na ukumbi wa pili wanaingia kwa wimbo huohuo. Keki inakatwa kwa wimbo uleule. Ikifika saa tano, muziki ukifunguliwa kwa wote, mpangilio ni mmoja: Bongo Flava mbili tatu, amapiano nusu saa, singeli ya kumalizia. Huwezi kujua anayepiga ni nani, na mteja akimtafuta tena atamtafuta kwa bei, maana hana kingine kinachomtofautisha na mwenzake. Sababu yake haijifichi. Ma-DJ wengi wanachota nyimbo kwenye makundi yaleyale ya WhatsApp na Telegram, wanaazimana flashi, na wanasikiliza miksi za watu walewale.

Makala haya yanamhusu DJ anayetaka kutoka kwenye foleni hiyo. Kontrola na spika nitazigusa kidogo sana, kwa sababu mtindo haununuliwi dukani Kariakoo. Unatokana na muziki uliokulea, ukishaujua kwa undani wa kujua wapi unatulia, wapi unapanda, na mwili wa mtu wa kawaida unafanya nini muziki ukifika pale.

Wanamuziki wetu wa dansi walilijua jambo hili zamani. Kila bendi kubwa ilikuwa na mtindo wake wenye jina. Mlimani Park, iliyoanza 1978, ilipiga Sikinde. NUTA, iliyokuja kuitwa JUWATA na baadaye OTTU, ilipiga Msondo. Maquis du Zaire walikuwa na Kamanyola, Safari Sound wakawa na Ndekule, Vijana Jazz wakawa na Pamba Moto. Sikinde na Msondo ni majina yaliyotoka kwenye ngoma za Wazaramo, yaani bendi za mjini zenye magitaa ya umeme na matarumbeta zilikwenda kujitafutia utambulisho kwenye ngoma za jirani zao. Mpenzi wa dansi alikuwa akiitambua bendi kwa gitaa na mdundo, mwimbaji hata hajafungua kinywa. Hapo ndipo pa kulenga: mtu aliye barabarani asikie nyimbo mbili zikipokezana, aseme leo yuko fulani.

Alichokibeba Kool Herc

Mfano bora ninaoujua wa muziki wa utotoni kumtengeneza DJ ni wa Clive Campbell, ambaye dunia inamjua kwa jina la DJ Kool Herc. Alizaliwa Kingston, Jamaika, akahamia Bronx, New York, mwaka 1967 akiwa na umri wa miaka 12. Kingston alikuwa ameziona sherehe za uani zenye mitambo mikubwa ya muziki, spika zilizopangwa kama kabati, na mtu wa kipaza sauti anayezungumza juu ya wimbo. Tarehe 11 Agosti 1973, katika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue, alipiga muziki kwenye sherehe ya dada yake Cindy. Sherehe hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa hip hop.

Jambo la kujifunza ni hili. Herc alipojaribu kuwapigia vijana wa Bronx rege, hawakucheza. Akaiacha. Akachukua fanki ya James Brown na nyimbo kama "Apache" ya Incredible Bongo Band, nyimbo walizozipenda wenyeji wake, lakini akazipiga kwa namna ya Kingston: spika kubwa, besi nzito, mwangwi kwenye kipaza sauti, na rafiki yake Coke La Rock akiwaita watu kwa majina. Kisha akaongeza la kwake. Aliona wachezaji wanangoja kile kipande kifupi ambacho waimbaji wananyamaza na ngoma zinabaki peke yake, akachukua santuri mbili za wimbo mmoja na kukirudia kipande hicho, huku kikiisha kule kikianza, hata sekunde chache zikawa dakika kadhaa.

Nyimbo za nyumbani kwao aliziacha, tabia ya muziki wa nyumbani akabaki nayo. Ukilielewa hilo, hofu moja inakuondoka: hofu kwamba ukifuata ulichokulia utalazimika kuwapigia vijana wa leo kanda za babu yako usiku kucha. Unaweza kupiga Bongo Flava tupu na bado msikilizaji akasikia kwamba umelelewa na taarabu. Tutafika huko.

Anza na daftari

Chukua daftari, la karatasi, uandike muziki wote uliousikia kabla ya kuanza kuuchagua mwenyewe. Redio ya nyumbani asubuhi. Daladala au matatu ya kwenda shule. Kaswida za madrasa na dufu zake, au kwaya ya kanisani na mazoezi yake ya Jumamosi. Bendi ya shule na gwaride. Vigodoro vya mtaani vilivyokunyima usingizi. Ngoma ya kijijini ulikopelekwa likizo. Usiandike majina ya wasanii peke yake, kwani majina hayatakusaidia sana. Andika watu walikuwa wanafanya nini muziki ule ukipigwa, na ni sauti gani hasa iliyowafanya wafanye hivyo.

Chukua mtu aliyekulia kwaya. Ataandika kwamba sauti ya kwanza ilikuwa inatupa mstari na sauti nyingine zinadaka. Hiyo tayari ni mbinu ya kumiksi: chukua kiitikio cha wimbo mmoja, kijibu kwa kipande cha ala cha wimbo mwingine, kila baada ya vipimo vinne, yaani mapigo kumi na sita, mara tatu au nne, kisha ndipo uruhusu wimbo wa pili uingie wote. Aliyekulia kaswida atakumbuka dufu likianza peke yake, sauti zikifuata, mwendo ukiongezeka polepole bila mtu kutangaza. Huyo atajisikia yuko nyumbani akiongeza kasi ya seti yake kidogo kidogo, pigo moja moja, kwa muda wa nusu saa, badala ya kuruka kutoka mapigo 100 kwa dakika kwenda 112 kwa mkupuo.

Daftari likishajaa, chagua mambo mawili au matatu tu. Ukichukua yote utakuwa tena na flashi ya kila mtu.

Ujue wimbo mmoja mpaka mifupani

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi wanapokimbia. Nitatumia dansi kwa sababu ndiyo inayofundisha vizuri kuliko muziki mwingine wowote wa kwetu.

Chukua wimbo wa Sikinde wa enzi za Hassan Bitchuka na Cosmas Chidumule, au rumba yoyote nzuri ya Kongo. Vaa hedifoni. Sehemu ya kwanza ni ya maneno: mwendo ni wa taratibu, kisa kinasimuliwa, magitaa yanazunguka chini ya sauti, matarumbeta yanajaza nafasi kati ya beti. Kisha kuna mahali mambo yanageuka. Wakongo wanapaita sebene, sisi tumezoea kupaita chemko. Kisa kimekwisha, gitaa la solo linashika kipande kifupi na kukirudia, ridhimu inajibu, ngoma zinabadilika, mwimbaji sasa anapiga kelele za kuchangamsha. Waliokuwa wamekaa wanainuka. Kipande alichokirudia Herc kwenye fanki, bendi zetu zilikuwa zinakitengeneza zenyewe na kukipa nusu ya wimbo.

Sasa hesabu. Mapigo manne ni kipimo kimoja. Sikiliza gitaa la solo lile linalorudia: mara nyingi mzunguko wake unakamilika kwa vipimo viwili au vinne. Matarumbeta yakiingia yanaingia mwanzoni mwa mzunguko, hayaingii katikati. Weka alama kwenye programu yako mahali pafuatapo: pigo la kwanza la maneno, mahali chemko inapoanza, mahali gitaa linabadilisha kipande, na mahali palipobaki ngoma na besi peke yake kama papo. Alama nne zinatosha. Ukishaziweka, jaribu kuanzia wimbo kwenye chemko moja kwa moja, uone kama unasimama bila yale maneno. Zipo nyimbo zinazokubali. Zipo zinazokataa kabisa, chemko yake haina maana mtu asipokuwa amekisikia kisa, na hizo inabidi uzipige tangu mwanzo au uziache.

Utakutana na tatizo la mwendo. Bendi hizo zilirekodi pamoja chumba kimoja, nyingi zikiwa Redio Tanzania, bila mashine ya kuwapigia mapigo. Mpiga ngoma akisisimka, wimbo unakimbia. Programu itakuambia wimbo una mapigo 118 kwa dakika, na mwanzoni ni kweli, lakini ukifika kwenye chemko ni 124. Ukibonyeza kitufe cha kulinganisha kasi, baada ya nusu dakika utasikia mapigo mawili yanagongana kama kwato. Una njia tatu. Ya kwanza ni kuirekebisha gridi kwa mkono, ukiweka alama mpya ya pigo la kwanza kila baada ya vipimo 16. Ya pili ni kuzima kulinganisha na kufuata kwa kidole kwenye kasi, ukisukuma na kuvuta, kama ma-DJ wa santuri walivyofanya. Ya tatu ni kukata kipande unachokihitaji, tuseme vipimo 32 vya chemko, na kukinyoosha peke yake kwenye programu ya kutengenezea muziki.

Mimi napendekeza njia ya pili kwa anayejifunza, ijapokuwa ndiyo inayochosha. Unapoufuata wimbo kwa kidole unagundua mpiga ngoma alikuwa anaongeza wapi na kwa nini, na ujuzi huo unabaki mwilini. Ukitumia njia ya tatu, usinyooshe kila kitu mpaka wimbo ukakauka. Raha ya chemko imo katika kule kukimbia kidogo.

Tatizo la pili ni uzito wa sauti. Rekodi ya mwaka 1980 ukiiweka kando ya amapiano ya mwaka huu itasikika nyembamba, kwa kuwa logi dramu, ile besi ya amapiano, imetengenezwa itetemeshe vioo vya gari. Kosa la kawaida ni kuongeza besi ya wimbo wa zamani. Besi hiyo haipo kwenye rekodi. Ukiifungua utapata ngurumo tupu na spika zitalalamika. Fanya kinyume chake. Vipimo 16 kabla ya kuubadilisha wimbo, punguza besi ya amapiano taratibu hadi iishe, masikio ya watu yazoee kukaa bila uzito. Pandisha kiwango cha jumla cha wimbo wa zamani, siyo besi. Kisha uachie gitaa liingie peke yake. Ukumbi uliokuwa unatikisika ukisikia gitaa safi la solo bila kitu chini yake, unageuka kuangalia mezani kwako. Baada ya hapo besi ya dansi, hata kama ni nyepesi, itatosha.

Subira ya taarabu

DJ aliyekulia Tanga, Zanzibar au Mombasa ana hazina ambayo mara nyingi anaionea haya. Sijui haya hiyo ilitoka wapi, lakini iondoe. Taarabu ya kisasa, ile ya rusha roho, ina nyimbo zinazoweza kuvuka dakika kumi, na mkato wake unafuata maneno. Mama aliyekaa meza ya nyuma anangoja mstari mmoja anaoujua, mstari unaomsemea jambo lake. Ukifika, anainuka, anakwenda mbele kutunza, huku akimtazama anayepaswa kuusikia. DJ anayekata wimbo vipimo vinne kabla ya mstari ule amemwibia mama wa watu usiku wake.

Tabia ya kujifunza hapa ni kuyajua maneno. Ma-DJ wengi wanazijua nyimbo kwa umbo lake la mawimbi kwenye kioo: hapa bluu, hapa nyekundu, hapa panashuka. Aliyelelewa na taarabu anajua ni ubeti wa ngapi, na kwamba kiitikio kinachofuata ndicho chenye mambo. Ipeleke tabia hiyo kwenye Bongo Flava na utajitenga mara moja na wenzako, maana Bongo Flava nayo ina mistari ambayo ukumbi mzima unataka kuiimba hadi mwisho. Zima sauti kwenye neno la mwisho, waimbe wao, rudisha kwenye pigo la kwanza. Kila mtu anaijua mbinu hii. Wanaokosea wanaizimia kwenye neno ambalo hakuna anayelikumbuka.

New York ya miaka ya 1970 ilikuwa na mtu wa namna hii. David Mancuso, aliyeanza sherehe zake za nyumbani zilizoitwa The Loft mwaka 1970, alifikia hatua ya kuacha kabisa kuchanganya. Alipiga kila wimbo kuanzia mwanzo hadi mwisho, akaweka bidii yake yote kwenye kuchagua upi ufuate upi na kwenye usafi wa sauti. Ni yeye aliyeipigia New York "Soul Makossa" ya Manu Dibango wa Kamerun kabla redio za huko hazijaijua. Sikushauri uache kumiksi. Nakushauri uwe na angalau nyimbo kumi ambazo umeamua huzikati.

Kuna jambo la mdundo pia. Chakacha, na sehemu kubwa ya miduara ya pwani, hugawa pigo moja kuwa vipande vitatu, ilhali Bongo Flava na amapiano huligawa kwa viwili au vinne. Ukizilinganisha kwa mapigo makubwa zitakutana, lakini mapigo madogo yatazozana na wasikilizaji wataona kuna fujo bila kujua iko wapi. Dawa yake ni kutoruhusu ngoma za pande zote mbili zisikike kwa pamoja. Toka upande mmoja ngoma zake, toka upande wa pili sauti ya mwimbaji au kinanda tu, kwa kupunguza sauti za juu na za chini na kuacha za kati. Vipimo vinane vinatosha, kisha chagua mdundo mmoja ubaki. Usikawie, maana penzi la miwili hii ni la muda mfupi.

Singeli na hesabu ya nusu

Singeli imezaliwa uswahilini Dar es Salaam, maeneo ya Manzese, Tandale na Mburahati, na wazazi wake wanajulikana: mchiriku wenye vinanda vidogo vya Casio vilivyounganishwa kwenye vipaza sauti, vigodoro, na vipande vya taarabu vilivyoharakishwa hadi vikabadilika kuwa kitu kingine. Mapigo yake hucheza kati ya 200 na 300 kwa dakika. Vijana wa Sisso Studios walipotoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso kupitia Nyege Nyege Tapes ya Uganda mwaka 2017, wasikilizaji wa Ulaya waliushangaa kama muziki wa kesho. Kwa vijana hao ulikuwa muziki wa shughuli za mtaani. DJ Travella naye akafuata na albamu ya Mr Mixondo mwaka 2022.

Ninachotaka ukione kwa watu hawa ni kwamba hawakutafuta vyombo vya gharama. Walichukua kompyuta za kawaida na programu zinazopatikana kila mahali, wakachukua taarabu waliyoisikia kwa mama zao, wakaisukuma hadi mwisho wa kasi. Huo ni mtindo unaotokana na malezi, na umesafiri kuliko Bongo Flava nyingi zilizoiga sauti ya Lagos.

Kwa anayepiga ukumbini, singeli inatupwa mwishoni kwa sababu wengi hawajui namna ya kuingia nayo. Fanya hesabu ya nusu. Amapiano ya mapigo 112 ukiizidisha mara mbili ni 224, na 224 ni singeli. Yaani kila pigo la amapiano linachukua mapigo mawili ya singeli, na mtu anayecheza amapiano anaweza kuendelea na hatua zake zilezile huku singeli ikikimbia juu yake. Chagua singeli iliyo karibu na 224, ilinganishe hadi iwe hiyo hasa, ondoa besi yake, ipenyeze sauti ya juu tu, ile ya vinanda na makofi, chini ya amapiano kwa vipimo vinane. Watu wataanza kugeuza vichwa. Ongeza sauti ya kati. Kisha kwenye pigo la kwanza la mzunguko mpya, badilisha besi: toa ile, weka hii, kwa mkono mmoja na kwa wakati mmoja. Kurudi nako ni hivyohivyo. Ukiweza kuingia na kutoka, singeli haitakuwa tena kengele ya kufunga ukumbi. Utaiweka saa nne ukitaka.

Kujifunza kwa DJ mwingine bila kumezwa

Muziki ni mzazi mmoja, ma-DJ waliokutangulia ni mzazi wa pili. Chagua mmoja tu kwa msimu. Chukua miksi yake moja ya saa nzima uisikilize ukiwa umekaa, kalamu mkononi, bila kufanya kazi nyingine. Andika kila mahali anapobadilisha wimbo: ni dakika ya ngapi, anabadilisha kwenye maneno au kwenye ala, nyimbo zinakaa pamoja kwa muda gani, anafuata kasi au anafuata hisia. Kisha ipige miksi hiyo upya chumbani kwako kwa nyimbo zako mwenyewe, ukifuata mikato yake tu. Zoezi hili usimpigie mtu wala usilirekodi kwa ajili ya kulisambaza. Ni la kukufundisha mikono.

Nenda nyuma zaidi, uulize huyo DJ alijifunza wapi. Frankie Knuckles, aliyetoka New York kwenda Chicago mwaka 1977 kupiga katika klabu ya Warehouse, alikuwa mtoto wa disko ya New York. Disko ilipopungua sokoni na santuri mpya zikawa chache, alianza kuzikata na kuziunga upya zile alizokuwa nazo kwenye utepe, akirefusha vipande ambavyo wachezaji wake walivipenda, na baadaye akaongeza mashine ya ngoma juu yake. Muziki wa house ulichukua jina lake kwenye klabu hiyo. Ukijua hivyo, unapokata na kurefusha chemko ya Sikinde chumbani kwako Temeke au Kayole, unafanya kazi ya namna ileile kwa malighafi ya kwenu.

Karibu na sisi yupo Kampire, DJ wa Uganda aliyezaliwa Kenya na kukulia Ndola, Zambia. Mwaka 2024 alitoa mkusanyiko unaoitwa A Dancefloor in Ndola, wenye muziki wa Kongo, Zambia na Afrika Kusini wa aina aliyoisikia alikokulia. Ni DJ anayepiga kwenye matamasha makubwa ya kimataifa, na anachokwenda nacho huko ni utoto wake. Tafuta mkusanyiko huo uusikilize wote, uone jinsi magitaa ya Kongo yanavyokaa jirani na vinanda vya Afrika Kusini bila kulazimishwa.

Onyo moja nalitoa kwa uzito. Usiige sauti ya kipaza ya DJ mwingine. Miksi za matatu za Nairobi zimezaa mamia ya vijana Tanzania, Uganda na Rwanda wanaopiga kelele zilezile, kwa lafudhi ileile, juu ya nyimbo ambazo zingependeza zikiachwa. Kama utazungumza, zungumza kama unavyozungumza nyumbani. Kama huna la kusema, nyamaza, MC yupo.

Kuupeleka kazini

Mteja wa harusi hakukuajiri ugundue nafsi yako. Anataka shughuli yake ichangamke, na haki hiyo anayo. Kwa hiyo mtindo wako uanze kuuweka mahali pasipo na hatari. Saa ya chakula ni ya kwako: watu wanakula, hawachezi, wanasikiliza kuliko unavyodhani. Piga dansi hapo, piga taarabu ya zamani, piga rumba, uangalie ni meza ipi inatikisa vichwa na ni mzee yupi anaacha kijiko. Wimbo uliomwinua mzee wakati wa pilau unaweza kuurudisha saa tano kwa chemko yake tu, katikati ya amapiano, na tayari unajua kuna meza nzima itakayokimbilia mbele. Muulize pia mwenye shughuli, siku mnapokubaliana bei, ukoo wa bibi harusi unatoka wapi na wa bwana harusi unatoka wapi. Majibu hayo yana thamani kuliko orodha ya nyimbo atakayokuandikia.

Rekodi kila shughuli kutoka kwenye mixer, siyo kwa simu. Sikiliza kesho yake, ukitafuta jambo moja: dakika ambazo ungezitambua kuwa ni zako hata kama ungeambiwa amepiga mwingine. Mwanzoni zitakuwa chache mno. Ziandike kwenye lile daftari, uandike ulifanya nini, na shughuli inayofuata uzirudie kwa makusudi.

Nyimbo zenyewe zitafute katika ubora mzuri, na zinunue pale zinapouzwa. Wimbo uliochukuliwa YouTube na kubanwa tena na tena hupoteza sauti za juu, zile zinazoling'arisha gitaa unalolitegemea. Kuhusu dansi na taarabu za zamani, nyingine hazipo mtandaoni kabisa. Zipo kwenye kanda, ndani ya makabati ya watu, na utepe unaharibika kwa unyevu na joto la pwani. Kama kwenu au kwa jirani kuna mzee au bibi mwenye kanda hizo, nenda umwamkie, umwombe muda wake, ukae asikilize pamoja nawe akueleze kila wimbo ulipigwa wapi na watu waliuchezaje. Omba ruhusa uzihamishie kwenye kompyuta kisha umrudishie zikiwa salama. Fanya hivyo mwaka huu, maana kanda iliyokwisha kuota ukungu hairekebishiki kirahisi, na mwenye kanda naye hatakuwepo siku zote kuieleza.